Maziwa Niliyompa Sahara Kabla ya Mtihani

Ijumaa, baada ya swala. Jua la Garissa leo halina haya, na magoti yangu yanalia.

Mimi nina miaka sabini na nne, au sabini na sita. Aliyejua hasa ni mama yangu, na tulimzika zamani. Nimezika wake wawili, nimewapita kwa uhai ngamia wote niliorithi, nimevuka ukame wa kila jina. Nimeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Wajir hadi Isiolo, chakula changu maziwa na nyirinyiri, nyama kavu ndani ya samli, basi. Niulize kama niliwahi kuugua tumbo. Wallahi, hata siku moja.

Leo nimechoka kuliko safari ile ya Isiolo.

Ndiyo sababu nimeshika daftari. Kuandika nilijifunza uzeeni, darasa la ngumbaro. Herufi zangu zinatembea kama mbuzi kilema, lakini zinafika.

Habari yenyewe ni ya mjukuu wangu Sahara. Anasomea ualimu hapa chuoni, mwaka wa mwisho. Mwezi jana alikuwa anafundisha darasa la pili, shule ya msingi iliyo karibu na chuo, akaanguka mbele ya watoto, chaki mkononi. Nilipoitwa nilimkuta amelazwa kwenye benchi, uso kama majivu.

"Awowe, umekula nini leo?" nikamuuliza. Kwetu babu na mjukuu huitana jina hilo hilo moja, awowe.

"Chai."

"Na jana?"

"Chai na andazi. Awowe, sina nafasi."

Kweli hana. Anaamka alfajiri kuandika matayarisho ya somo. Adhuhuri wenzake wakipanga foleni ya ugali na kabichi, yeye anakata karatasi za manila achore picha za kufundishia. Jioni yuko maktaba, na biskuti mbili mfukoni. Tumbo limekuwa birika.

Muuguzi wa chuo akaniambia msichana akizimia tena atarudishwa nyumbani apumzike mwaka mzima. Mwaka! Akanipa karatasi ya vyakula: mayai, maharage, sukuma, machungwa, vitu ambavyo mwanafunzi anaweza kubeba na kula kati ya vipindi. Nikamrudishia karatasi yake.

"Majani ni ya mbuzi," nikamwambia, "na mimi namla mbuzi."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua dawa.

Jumanne hii mtahini wa kutoka Nairobi alikuwa aje kumwona Sahara akifundisha. Kwa hiyo Jumatatu nikaenda sokoni kwa Hawa. Huyu Hawa anauza maziwa ya ngamia tangu mume wake afariki, na wasichana wa chuo hununua kwake maziwa ya chai.

"Mzee, haya mpe mjukuu polepole," akasema. "Mvua imenyesha, ngamia wanakula majani mabichi, maziwa yanafungua tumbo. Mtu asiyezoea aanze na kidogo."

"Unamfundisha nani? Wewe unazaliwa, mimi tayari nakamua."

"Haya, mkamuaji. Shika maziwa yako."

Langoni mwa chuo mlinzi akanizuia. "Mzee, wageni ni Jumapili."

"Mimi si mgeni. Mimi ni chakula."

Akafungua.

Sahara alikunywa vikombe vitatu amesimama. Kwetu maziwa ukipewa na mzee huyarudishi. Macho yake yalikuwa yananiomba niseme inatosha. Sikusema. Hilo naliandika ili lisinikimbie.

Jumanne hakuzimia, hapana. Alifundisha dakika kumi, akatoka mbio. Akarudi, akatoka tena. Mara ya tatu watoto wakaanza kumhesabia. Mtahini akafunga faili lake, akasema atakuja Ijumaa, na Ijumaa ndiyo ya mwisho.

Sasa aibu yangu. Jioni ile Sahara aliniuliza, "Awowe, yale maziwa yalikuwa na nini?"

Nikasema mtungi wa Hawa ni mchafu.

Neno moja tu, nikalala vizuri.

Sahara akawaambia wenzake, na kufikia Jumatano hakuna msichana wa chuo aliyesimama kwa Hawa. Nilipita pale nikamwona amekaa, mitungi imejaa, anafukuza nzi kwa ncha ya shungi. Hakunitukana. Alisema tu, "Mkamuaji, umeamkaje?" Afadhali angenitukana.

Kutoka hapo nikaenda kwa muuguzi kuomba karatasi yake. Alikuwa ameiweka. Alijua nitarudi, na hilo pia liliniuma.

Jana nikaingia jikoni. Mwanamume wa umri wangu jikoni, kwetu ni kichekesho cha mwaka. Mke wa mwanangu, Fatuma, alisimama mlangoni na mkono mdomoni.

"Baba, umepoteza kitu humu?"

"Yai linajulikanaje kwamba limeiva?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha. Nilichemsha mayai sita, mawili yakapasuka. Yeye akapika maharage na sukuma, mimi nikafunga ndani ya chapati, kwa karatasi, ili mtu ale huku anatembea. Na chungwa. Sukuma niliionja kwanza, maana sitampa tena mtoto kitu nisichojua kitamfanya nini.

Mbuzi hawana makosa.

Jana mara mbili nilikwenda langoni, na leo alfajiri mara moja. Mlinzi sasa ananiita Chakula. "Chakula kimefika!" anapiga kelele, na wasichana wanacheka. Sahara alikula yai huku anapiga mistari kwenye daftari lake. Alikula chapati njiani. Hakupoteza hata dakika ya kazi yake, na uso ulikuwa uso.

Asubuhi hii nilisimama nje ya ua wa miiba wa ile shule ya msingi, nikisikiliza sauti yake. "Nani ataniambia?" anauliza, na watoto wanapaza sauti, "Mwalimu! Mimi, mwalimu!" Kipindi kizima, jua kichwani. Sauti haikukatika. Kengele ikalia, mtahini akatoka naye nje, akampa mkono, akasema, "Vizuri sana, mwalimu."

Sahara akaniona. "Awowe, umekuwa hapa muda wote?"

"Nilikuwa napita."

Akacheka, akashika fimbo yangu anisaidie. "Mayai yako yameniokoa. Si kama maziwa ya yule mama mchafu."

Pale pale ningesema. Mdomo ulikuwa wazi. Nikasema jua ni kali.

Hiyo ndiyo iliyonichosha leo, wala si magoti. Mtu wa miaka yangu, aliyevuka jangwa, kushindwa na neno dogo namna hii?

Kesho Jumamosi wasichana wa chuo wanateremka sokoni. Nitamchukua Sahara, nitasimama kwa Hawa, ninywe kikombe kutoka mtungi wake mbele yao wote, na niseme kwa mdomo haya niliyoandika.

Ukidhani nimeongeza chumvi, kwa mayai muulize Fatuma, kwa lango muulize mlinzi. Kwa maziwa shahidi ni mmoja, Hawa. Yeye alisema kweli kabla yangu, na anakaa pale pale, mitungi imejaa.