Gilet Moja mu Pirogue

Posho, ni kusema Jumamosi, jioni

Na hasira haijaniisha, hata kama nguo zimekauka.

Tulikuwa wawili mu pirogue: mimi mwalimu na fiche, karatasi ya kuhesabia ndege wa ziwa, na Papa Bauma na kafi yake. Nilikuwa nimefikisha minandi thelathini na mbili, wale weusi wanaozamia samaki, upepo ukashuka toka milima ya Nyamitaba. Mawimbi ikaanza kuingia ndani. Nikawa natoa maji na bidon iliyokatwa, natapika, natoa tena. Ndege wote wakaenda.

Papa Bauma akaangalia jumelles za ofisi, darubini ya kuonea ndege, kwenye shingo yangu. Kisha akaangalia gilet ya kuelea, ile moja tuliyopewa, niliyovaa mimi.

"Mwalimu, vua gilet, ufungie hizo jumelles. Iko kitu ya watu. Ikizama tutawaambia nini?"

Kitu ya watu. Mama alinilea na maneno hayo. Kwetu sufuria ya jirani inaoshwa mbele ya zetu.

Njo kitu inaniudhi: hakunilazimisha. Nilivua mwenyewe, nikafungia jumelles ndani, mafundo mawili, vizuri kabisa.

Tulipofika kwenye matope ya ukingo, alifungua mafundo, akapangusa vioo na shati lake.

"Asante Mungu, haikulowa."

Mimi hakuniuliza kitu.

Jumelles haijui kuogelea, ni kweli. Hata mimi sijui. Na nilikumbuka hiyo nikiwa nimeshakanyaga udongo.