Pua ya Mchumba wa Corrado

Shosti, Fiamma amekuja ofisini kwetu kujaziwa fomu za kodi. Fiamma yule yule aliyemchukua Corrado wangu. Kati ya meza zote, akaketi kwangu.

Amepasuliwa pua, anataka gharama zipunguzwe kwenye kodi. Pua nzuri, nimeumia kuitazama.

Nikamwambia, "Pole dada, upasuaji wa urembo haukubaliwi." Rohoni nilicheka, sikufichi.

Akasema taratibu, "Sawa. Nilianguka na baiskeli utotoni, tangu hapo sikuweza kupumua vizuri. Nilidhani inahesabika."

Inahesabika, shosti. Inahesabika kabisa, na ningeweza kunyamaza.

Nikamwambia alete barua ya daktari.

Akanishika mkono. "Corrado ndiye aliyenituma kwako. Alisema wewe humdanganyi mtu."

Ananijua hivyo, na bado akamchagua yeye.