Memori ya Kwenye Kisahani Isiguswe

Baba watoto,

Ukirudi kutoka dukani utakuta kompyuta mpya imewaka. Usiizime. Kipande cha memori kilicho kwenye kisahani usikirudishe ndani, ni kibovu.

Asubuhi uliniambia, “Mama watoto, kubali tu, umeunganisha chuma chakavu.” Wakati huo nilikuwa napima vipande viwili vya memori, kimoja kimoja. Nilichomoa hicho kibovu, nikakiacha mezani, nikaenda kubandika chai. Kurudi, skrini bado nyeusi, feni zinazunguka bure. Nikalaumu kile kizima. Nilipofungua tena nikakuta vyote viwili viko ndani! Najua huwezi kuona kitu kimezagaa mezani usikitie mahali pake. ~~Chuma chakavu ni wewe.~~ Ahsante kwa kusaidia, ila siku nyingine niulize kwanza.

Binti yetu ana usaili wa kazi kwa kamera leo alasiri, naye ametoka analia kwenda kuomba kompyuta ya jirani. Mfuate, umrudishe. Hii yetu nimeizima na kuiwasha tena na tena, haijagoma. Kamera na sauti viko sawa. Afunge dirisha la barabarani, akae mezani kwake.

Wewe kaa sebuleni, mikono mfukoni.

Mama watoto