Hatujawahi Kufika Mtito Andei

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Arubaini imepita juzi. Sufuria za watu zimerudishwa, mikeka imekunjwa, na leo hakuna aliyepiga hodi. Nimehesabu. Miaka ishirini na saba kwenye maabara ya zahanati nilihesabu chembe za damu na vijidudu vya malaria. Sasa nahesabu hodi.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Kuluthum, dadake marehemu, ameshapiga hesabu: natoka tarehe tisa Disemba, inshallah. Mpaka hapo ni mimi, nguo nyeupe, na kuta hizi za Mjambere.

Naandika kwenye daftari la sukari. Sukari ni yangu, mwaka wa tisa huu, ila daftari lilikuwa la Ghanim. Kila siku baada ya alfajiri alinidunga kidole, akapima, akaandika. Mimi niliyedunga nusu ya Kisauni siwezi kujidunga mwenyewe. Mkono wakataa. Siku ya kwanza mume wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mstari wake wa mwisho: 2/8 – 6.8 – nyumbani. Halafu karatasi nyeupe. Nimeanzia ukurasa unaofuata. Ule sikutaka kuugusa.

Jumanne, 16 Septemba

Niandike yale maneno yake kabla sijayasahau.

Mimi nilimfundisha maneno ya kazi. Glukosi. Insulini, inayoifungulia glukosi mlango wa chembe. Hipoglisemia ikishuka, hipaglisemia ikipanda. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema maneno gani haya, mtu akimaliza kuyatamka sukari imeshapanda tena. Alikuwa dereva wa lori miaka thelathini kabla ya kustaafu, Mombasa–Nairobi. Basi akatunga yake, kwa miji ya njiani. Chini ya nne: baharini. Nne mpaka saba: nyumbani. Ikifika kumi: Mazeras. Kumi na tano: Mariakani. Ishirini: Voi. Ikipita ishirini: Mtito Andei.

"Mwana, leo uko Mariakani. Geuza gari." Na siku hiyo hakuna mahamri, twazunguka uani wote wawili mpaka nirudi nyumbani. Voi nilifika mara mbili. Mtito Andei hatujawahi kufika.

Jumapili ile, tarehe tatu Agosti, alikwenda kuchukua mashine ya kupimia. "Naja," alisema. Nikasikia kishindo ukumbini. Moyo. Mashine ilikuwa mkononi mwake, ikapasuka pembeni kidogo. Inafanya kazi, nadhani. Iko kwenye droo. Sijaigusa tangu siku ile.

Jumapili, 21 Septemba

Nasreen amepiga kutoka Maskati. Mtoto wetu wa pekee, ana kazi na watoto wawili wadogo huko. "Umepima leo, Mama?"

"Sita nukta nne."

Ilitoka yenyewe! Kama kuitikia salamu. Akafurahi, akasema afadhali, maana namba zikiharibika atakuja kunichukua baada ya eda na nyumba tuifunge.

Tuifunge. Redio yake, koti lake la safari kwenye msumari, kiti chake. Mimi nikakae ghorofa ya sita Maskati nitazame magari.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kuluthum ameleta biriani baada ya swala. Alikaa dakika ishirini. Amesema nimekonda, eda yanipendeza. Nikacheka. Ni mtu wa kwanza kuniona wiki hii na sikutaka aende, nikamuuliza habari za paka wake.

Nasreen nimempa 8.3, nikaisingizia biriani. Namba nzuri kila siku haziaminiki, lazima utie moja mbaya kidogo. Tena nyingine hivi: 6.7, 5.9, 7.2. Anaziandika zote kwenye simu, anamtumia daktari wake wa huko. Hazina kasoro.

Namkumbuka Dishon. Alikuwa mpimaji mwenzangu pale zahanati. Mwaka 2014 nikagundua anajaza matokeo bila kupima. Nilimjua kwa uvivu wake: namba zote ziliishia na sifuri au tano. Nikampa dakika tano aende mwenyewe kwa mkubwa wetu akaseme. Hakwenda. Nikaenda mimi, na rejista mkononi. Alifukuzwa mchana huohuo. Tena nikamwambia mbele ya wagonjwa: "Kila namba humu ni mtu."

Nilijiona mkubwa sana siku hiyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Sisimizi chooni. Mstari mzima, kutoka ufa wa dirisha mpaka kwenye tundu.

Sababu yake naijua kuliko ninavyolijua jina langu. Figo huzuia glukosi mpaka kiwango fulani, kama kumi hivi. Ikizidi hapo inamwagika kwenye mkojo, na maji yanaifuata. Ndiyo maana naamka mara sita. Ndiyo maana nakunywa mtungi mzima. Ndiyo maana nimekonda, si eda.

Nimewamwagia maji ya moto. Kesho watarudi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wamerudi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimefungua droo. Nimetoa mashine, nimetia kijiti cha kupimia, nimeshika kisindano, nimekaa kwenye kiti chake. Nusu saa. Kidole changu hapa, kisindano hapa.

Siogopi maumivu, mtu asinichekeshe. Nikijidunga mwenyewe basi ndiyo imekwisha, hakuna tena anayekuja. Alisema naja.

Nimevirudisha vyote kwenye droo. Herufi kwenye ukurasa huu naziona zina ukungu, nimeandika kubwakubwa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimejitia kitanzi mwenyewe. Daktari wa Nasreen amezipenda namba zangu mno. Anataka kunipunguzia dawa! Lakini kwanza apate kipimo cha damu cha A1C. Nasreen amelipia kila kitu, maabara moja ya Nyali itamtuma mtu hapa nyumbani.

A1C huwezi kuidanganya. Glukosi ikizidi hung'ang'ania hemoglobini, ndani ya chembe nyekundu, na haibanduki mpaka chembe ife. Na chembe nyekundu huishi siku mia na ishirini hivi. Kwa hiyo ile damu inakumbuka miezi mitatu yote. Ghanim aliita kipimo hiki shahidi.

Nimekaa nikipiga hesabu kama mwendawazimu. Chembe siku mia na ishirini. Eda siku mia na ishirini na nane. Siku nitakayovua nyeupe, haitabaki mwilini mwangu chembe hata moja iliyokuwako alipokuwa hai. Zote zitakuwa mpya, zisizomjua.

Nililia mchana kutwa. Hakuna aliyesikia, na sijui ningemwambia nini.

Jumatano, 5 Novemba

Maabara imepiga simu, mpimaji atakuja Jumanne. Mwanamume. Kuluthum amekuja juu: "Hata siku mia hazijatimia, kisha yuwaja mwanamume kukushika mkono? Hawana wanawake hao?" Hawana, wa kike yuko likizo ya uzazi. Amemuuliza ustadhi wake. Ustadhi kasema matibabu ni dharura, wala hakukuwa na haja ya kumuuliza. Kuluthum hakulipenda jibu, kwa hiyo ameamua tutatundika pazia, mimi nitoe mkono tu, naye atakaa pembeni.

Nimekubali. Nilitaraji ustadhi akatae.

Jumapili, 9 Novemba

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kina kidonda. Sijui kimetoka wapi, sikusikia kitu. Kimeanza kunuka kidogo. Nasreen nimempa 6.1.

Jumanne, 11 Novemba

Naandika upesi. Nina dakika tano, na moja imeshapita.

Amekuja saa nne. Nilimsikia mlangoni akipiga hodi, Kuluthum akamwelekeza kiti, pazia la maua katikati. "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba. Nikamjua kabla hajajitaja. Sauti imekuwa nzito tu.

"Ni madam Mwanasaumu?"

"Abee."

"Ni Dishon, madam. Sasa niko na hawa watu wa Nyali. Pole kwa msiba. Mzee nilikuwa namwona akija kukuchukua na lori."

Nikatoa mkono nje ya pazia. Akaushika. Glavu, lakini ndani ya glavu mkono wa mtu, una joto. Siku mia moja leo. Akafunga mpira, akagonga mshipa kwa vidole viwili nilivyomfundisha mimi, akavuta kichupa cha kizibo cha zambarau. Nikawaza zile chembe zilizomo mle, chache za zamani, zilizomsikia akisema naja. Machozi yalinitoka upande wangu wa pazia na Kuluthum akadhani ni sindano.

Kisha akasema amepewa agizo apime na kidoleni, ampigie binti yangu hapohapo. Kuluthum akaenda jikoni kumwekea chai. Akanidunga. Kidole cha pete, pembeni, anakodunga mtu anayejua. Sikusikia chochote. Tukangoja mashine yake ihesabu.

Hakusema ngapi. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Madam, hapa nimetumiwa namba zako za mwezi mzima." Akazisoma polepole, moja moja. 6.7. 5.9. 7.2. 8.3. "Ni nzuri. Hakuna sifuri, hakuna tano. Ni nzuri kuliko zangu."

Nilitaka sakafu inimeze.

"Mashine inasema ishirini na moja nukta nane," akasema, kwa sauti ya chini ili jikoni isifike. "Na kutoka hapa nilipokaa nauona mguu wako chini ya pazia, madam. Umeufunga kitambaa."

Nikauvuta mguu.

"Hiki kichupa kinaenda Nyali, majibu kesho, siwezi kukifanya chochote na wala sitaki. Lakini simu ya leo ni yangu. Ulinipa dakika tano niseme mwenyewe. Sikusema. Mpaka leo sijui kwa nini." Akavua glavu. "Nakupa na wewe tano. Namba utakayonipa ndiyo nitakayompa."

Nilimwambia naenda chumbani mara moja.

Hajanikomoa. Ningependa anikomoe. Nikisema kweli, Nasreen anakata tiketi wiki hii, na ikifika Disemba ufunguo unageuzwa kwenye mlango huu nami niko nje yake. Nikisema sita nukta tatu, Dishon atampa sita nukta tatu, ndivyo alivyosema, na mimi nitabaki humu na koti na redio mpaka kesho jibu litoke. Siku moja! Mwanamke mzima namdanganya mwanangu ili nipate siku moja.

Kuluthum ananiita, chai iko tayari. Simu pia inaita. Ni Nasreen, hakuweza kungoja.

Nimefungua ukurasa wa Ghanim, ule niliouruka. Chini ya mstari wake, kwa mkono wangu:

11/11 – 21.8 – Mtito Andei.

Imekaa vibaya, mwandiko umepinda. Simu bado inaita. Dishon amesogeza kiti, nadhani amesimama. Naja, nimemwambia.