Wasifu wa Sabra Ambao Kompyuta Haikuusoma

Tongoni,
Tanga.
11 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nasri,

Assalaam alaykum. Uniwie radhi kwa kimya changu tangu Idi el Fitri. Nilikuwa nikingoja nipate la heri la kukuandikia, na halikupatikana. Je, hujambo? Kifua chako kinaivumiliaje baridi ya Mbeya? Hafsa na watoto ni wazima? Sisi tu wazima, ila miguu yangu inanisumbua.

Habari niliyo nayo ni ya mpwa wako Sabra. Kiwanda kimoja hapa Tanga kilitangaza nafasi ya mtu wa maabara, kazi hasa aliyoisomea na kuifanya kwa kujitolea kule kituo cha utafiti cha Amani. Alipeleka maombi kwa mtandao. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa: hana elimu wala uzoefu unaotakiwa.

Wasifu ule niliusoma mwenyewe, koma kwa koma. Haukuwa na kosa.

Tulimwita Luka, mtoto wa jirani yetu Ruthi, anayefundisha kompyuta chuoni. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Huu si wasifu, ni picha ya wasifu. Kompyuta yao imeona karatasi tupu."

Sabra alifanya tunavyofanya sote. Aliuchapisha, akatia sahihi, akaupeleka kwa mtendaji wa kijiji ukagongwa muhuri kila ukurasa, ndipo akaupiga picha kwa simu na kuutuma. Nilimwambia Luka kwamba hati isiyo na muhuri ni porojo. Akacheka: "Mwalimu, kompyuta haimjui mtendaji wetu."

Alijaribu kunakili jina la Sabra kutoka kwenye faili lile. Haikutoka hata herufi moja. Basi wakauandika upya, maandishi matupu, bila muhuri wala majedwali. Safari hii maneno yote yalinakilika. Nilishukuru mapema mno. Mfumo ulikataa kuupokea, kwa kuwa namba yake ya kitambulisho imekwisha kuwekwa miongoni mwa wasio na sifa, wala haifunguliwi mpaka nafasi itangazwe tena.

Akaenda kiwandani na karatasi mkononi. Mlinzi akamwambia, "Dada, karatasi hatupokei siku hizi. Rudi mtandaoni." Alirudi nyumbani na karatasi ileile. Nasri, nimewafundisha watoto maisha yangu yote kwamba atakayeandika vizuri atasomwa. Sasa sijui niliwaambia nini.

Kuna wakala anayepeleka wasichana Uarabuni kwa kazi za ndani. Pasipoti ya Sabra iko tayari, na Ijumaa ya wiki ijayo anatakiwa kumjibu. Jana alipiga magoti mbele yangu: "Mama mkubwa, nipe radhi yako. Bila radhi yako siondoki."

Nilimwambia hakusoma ili afue nguo za watu.

"Sawa," akasema. "Nionyeshe basi pa kufanyia niliyoyasoma."

Marehemu ndugu yetu Mastura aliniachia mwanawe nimtunze. Siwezi kumpa mkono wa heri aende kwa watu nisiowajua, wala sioni haki ya kumzuia akae hapa akikataliwa na mashine. Wewe ni mjomba wake. Nipigie kabla ya Ijumaa hiyo uniambie uonavyo.

Nisalimie Hafsa, Mselem na Asmahani. Ruthi anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, na atuonyeshe njia.

Sabra yumo chumbani, anangoja neno langu. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Dada yako akupendaye,
Mwanasiti