Kapeti ya Upande wa Mama

Truphena, yawa, nimechoka.

Unajua vile gari yetu imekuwa ikimaliza maji ya rejeta tangu Januari? Mafundi watatu wa Oyugis wameshindwa. Bwanangu Clifford amebadilisha pampu, amebadilisha rejeta, na chini ya gari hakuna hata tone.

Leo fundi wa Homa Bay ameinua kapeti ya mbele, upande wa abiria. Imelowa chapachapa! Kumbe ni hita ndiyo inavujisha maji ya rejeta ndani. Akauliza, "Mzee, hujawahi kuona hii maji?"

Bwanangu akaangalia viatu vyake.

Alikuwa ameona! Kila akimtoa mama yangu kliniki anakuta kapeti imelowa, anaianika, ananyamaza. Alidhani ni mama. MAMA YANGU! Na kiti ni kikavu, Truphena. Kiti kikavu!

"Sasa ningesema nini?" ananiuliza. "Huyo ni maro. Mama mkwe utamwambia hivyo na mdomo gani?"

Nikampigia mama. Anasema viatu vyake vimekuwa vikilowa kila safari, lakini angeanzaje kumwambia mkwe gari yake ni mbovu?

Halafu akauliza, "Kwani Clifford alifikiri hiyo maji inatoka wapi?"

Nikakata simu. Anapiga tena. Sijashika.