Vidonge Ulivyotuma Nimevikabidhi kwa Daktari

Ghorofa ya pili, chumba cha nyuma,
Mkabala na kiwanda cha sabuni.
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi sana. Habari za huko ugenini? Wifi hajambo? Watoto bado wanasoma kwa kompyuta, au wameshaigeuza kuwa sinema? Natumaini kifua chako kimetulia, maana mara ya mwisho ulikuwa unakohoa kwenye simu huku unaniapia kwamba hukohoi. Mimi ni mzima. Sauti imekauka kidogo kwa kubishana, lakini huo si ugonjwa, nilizaliwa nao.

Dada yetu yu hai. Hilo nalitanguliza ili mengine uyasome umekaa. Yuko wodi ileile, kitanda cha nne, mrija wa oksijeni puani.

Sasa nisikilize. Kifurushi chako cha pili kilifika juzi kwa mkono wa rafiki yako msafiri, pamoja na kikaratasi chako: "Endelea hivyohivyo, usiwaambie kitu." Sikuendelea, na nimewaambia kila kitu. Vidonge vyote, vile vya kwanza vilivyobaki na hivi vya pili ambavyo hata sikuvifungua, viko kwenye kabati la daktari. Kasirika ukipenda. Ukimaliza, soma.

Unajua tulivyoanza. Daktari alimweleza Dada kwamba ipo dawa mpya ya homa hii ya mapafu, haijathibitishwa bado, na wagonjwa mahututi wanaoridhia wanaingizwa kwenye majaribio. Kompyuta ndiyo inayochagua. Nusu wanapewa dawa, nusu wanapewa kidonge kinachofanana nayo ambacho ndani hakina kitu. Wote wanaendelea na matibabu ya kawaida, na hata daktari hajui nani kapata nini. Dada akaomba miwani, akasoma fomu nzima, kurasa tisa, akatia sahihi kwa mkono wake. Hakukuuliza wewe wala mimi. Tuseme ukweli, hapo ndipo palipotuuma.

Ukanipigia simu ukifoka: dada yetu anachezewa bahati nasibu? Nikakubaliana nawe kabla hujamaliza. Mimi si ndiye niliyeandika gazetini kwamba mtu anayekata roho hawezi kuwasubiri watafiti wamalize chai yao? Maneno yale sifuti hata nukta. Dawa inayoweza kumwokoa mgonjwa mahututi imfikie leo, wakati angali na mapafu ya kuokoa. Na lile ambalo mhariri alilikata nalirudia hapa: wapo wakubwa waliopelekewa dawa hiyohiyo majumbani, bila fomu, bila kura, na hakuna aliyeandika popote kama walipona kwa dawa au kwa usingizi mzuri. Faida yao kwa mgonjwa wa kitanda cha tano ni sifuri.

Halafu nikafanya kama wao. Nilivisaga vidonge vyako vya dawa hiyohiyo kwa mgongo wa kijiko, nikavitia kwenye chupa ya supu, nikaikabidhi kwa muuguzi mlangoni mwa wodi. Asubuhi tatu mfululizo. Dada alikunywa yote, akanipigia simu: "Supu yako siku hizi chungu kama makala zako." Nikacheka. Nilicheka, mdogo wangu.

Siku ya nne daktari aliniita kwenye kile chumba chembamba wanachowekea majoho. Ni binti mdogo, miwani yake imeungwa kwa plasta, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaniambia vipimo vya damu vinaonyesha ini la Dada limeumia vibaya, na lazima atoe taarifa. Akitokea mgonjwa wa pili mwenye ini kama lile, majaribio yanaweza kusimamishwa hospitali nzima mpaka ijulikane kwa nini dawa inaunguza maini. Kwenye wodi ile peke yake wapo wagonjwa kumi na mmoja.

"Kuna kitu kingine anachotumia?" akaniuliza. "Mitishamba? Chochote?"

Aliuliza taratibu, kama mtu aliyezoea kudanganywa. Nilikuwa na hoja yangu tayari kuhusu haki za mtu aliye mahututi, hoja safi kabisa, ningeweza kumsomea mpaka jioni. Nikaona kwamba hoja ile nzuri nimeikalisha juu ya kijiko ili kisionekane.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunifokea. Alikaa juu ya kasha la glavu. "Vingapi?"

"Viwili kila asubuhi."

Akapiga simu kwa wanaotunza orodha ya siri, wamfungulie jina moja. Tulisubiri dakika ishirini. Jibu likaja: Dada alikuwa upande wa dawa tangu siku ya kwanza. Alikuwa anakunywa yake na ya kwetu. Kile tulichotaka kumwibia alikuwa nacho tayari, na nusura tumuue nacho. Dawa ikasimamishwa palepale, ini lipate kupumzika.

Waliniruhusu dakika kumi na tano kitandani, nimevaa joho la plastiki. Dada alikuwa ameshaambiwa.

"Nani alikuwa anasaga?"

"Mimi."

"Nani alituma?"

"Mdogo wetu."

Akavuta pumzi. Kila sentensi sasa inamchosha kama kupanda ngazi. "Mama Hoja. Unawafokea mawaziri kwa kufanya mambo kwa siri. Halafu unakuja kunifanyia siri mimi, tena ndani ya supu."

"Nilitaka upone."

"Kwani mimi sitaki kupona, mjinga wewe?" Akapumzika. Muuguzi akanitazama kwa jicho la kunifukuza, lakini Dada akainua kidole chake cha fundi cherehani. "Mtu akiichezea futi kamba yangu, haharibu nguo moja. Anaharibu kila nguo nitakayokata siku ile. Huyo mama hapo kitanda cha tano angenyimwa dawa kwa sababu ya chupa yako."

Nikamwambia nimekosa. Iandike tarehe hiyo, haijawahi kutokea.

Najua utasema madaktari wanaficha mambo. Aliyeficha ni mimi. Wao waliandika kila kitu, hata hatari ya ini, ukurasa wa sita. Mimi ninayejigamba kwa vitabu niliishia ukurasa wa pili, nikaanza kugomba. Utasema pia kwamba kule uliko kila mtu anaipata dawa hii kwa mlango wa nyuma. Basi wafanye. Mimi sitii tena kitu kwenye kikombe cha mtu bila yeye kujua, hata kingekuwa uzima wenyewe. Ukituma kifurushi cha tatu, kitapelekwa kwenye kabati lilelile. Ukituma cha kumi, nitamwomba daktari kabati kubwa zaidi.

Wala usidhani nimenyamaza. Nimeandika makala nyingine. Nataka majaribio haya yafunguliwe kwenye kila hospitali yenye mgonjwa anayeridhia, na mkubwa anayetaka dawa hiyo atie sahihi kurasa zilezile tisa na apangiwe na kompyuta ileile. Mhariri anasema nisubiri hali itulie. Nimemwambia nitaibandika kwenye mlango wa ofisi yake kwa gundi. Aya ya kwanza nimejitaja mimi mwenyewe, na kijiko changu. Wewe sijakutaja, kwa sasa.

Damu ya leo asubuhi inaonyesha ini linarudi taratibu. Oksijeni hawajaipunguza. Jumatatu daktari atamuuliza Dada kama anataka dawa irudishwe, kipimo kimoja tu, kile chake. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, na mimi na wewe hatuna kura. Akituacha, nitasimama mbele ya ukoo wote niseme tulichokifanya, na siku hiyo nitakutaja. Sitakubali dawa isingiziwe.

Mpigie saa nne asubuhi, ndipo pumzi yake ina nguvu kidogo. Mwombe radhi mwenyewe, mimi sikuombei. Alinituma nikuambie kwamba akitoka atakushonea suruali isiyo na mfuko hata mmoja, usipate pa kuweka vidonge. Alipomaliza kusema hivyo alicheka, kikohozi kikamshika, muuguzi akanitoa nje, nami nikasimama kwenye korido nikihesabu mpaka kikaisha. Nilihesabu hadi arobaini na tatu.

Nisalimie wifi, umwambie picha za watoto zimebandikwa ukutani pembeni ya kitanda cha Dada. Msalimie na mama mkwe wako. Binamu zetu wote wanakusalimu, wameninunia kwa ubishi wangu lakini wazima. Mungu akulindeni nyumba nzima, awape mapafu mazima na subira ya kusoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea,

Mama Hoja